Kidonge cha foliki asidi au maharage ya soko la Mwanjelwa?

Mdogo wangu wa Uyole, Mbeya, anapanga kubeba mimba. Ameniuliza: ameze foliki asidi, au maharage na parachichi vinatosha?

Maharage yana foleti, yaani vitamini B9 ya asili, tena nyingi. Shida ni jikoni kwetu. Foleti huyeyuka kwenye maji na haipendi moto. Ukichemsha chainizi hadi ilegee, ukamwaga yale maji ya kijani, vitamini imekwenda na maji. Inayobaki, mwili huchukua kama nusu hivi. Foliki asidi, vitamini hiyohiyo iliyotengenezwa kiwandani, ukiimeza na chakula hufyonzwa takriban asilimia 85.

Na mtoto hasubiri. Mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, huihitaji vitamini hii ili ufunge vizuri, na hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wengi wetu hata hatujajijua. Ndiyo maana hushauriwa mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kuzidisha dozi kiholela hapana: huweza kuficha upungufu wa vitamini B12.

Nimemwambia ameze. Maharage aendelee kula, na mchuzi wake asiumwage.