Piki za pembe kutoka Kisumu: umbo zuri, ukingo bado

Piki hizi, yaani vipande vidogo vya kupigia nyuzi za gitaa, zinachongwa Kisumu kwa pembe za ng'ombe, na moja inauzwa shilingi 200. Ukipiga solo ya benga, nunua. Ukipiga rithimu, baki na plastiki yako nyembamba, maana hii ni ngumu mno: ukizipitia nyuzi zote sita kwa pamoja, sauti inatoka kwa kishindo. Wapigaji wa omutibo, mtindo wa Waluhya wa gitaa la vidole, kule Khwisero, Kakamega, hawana haja nayo kabisa. Kidole gumba na cha shahada vinawatosha.

Umbo ni lile tulilolizoea, urefu milimita 30 na upana 26. Kilichobadilika ni unene: milimita 1.4 katikati, ukipungua hadi 1.0 nchani. Hapo mchongaji amefikiria. Solo ya benga hupigwa juu shingoni, noti moja moja, mkono ukishuka na kupanda bila kupumzika. Plastiki ya unene wa milimita 0.60 hupinda ikigusa uzi na kuchelewa kunyooka, kwa hiyo noti ya kupanda hutoka imefifia. Hii haipindi, na sauti yake ni nzito kuliko ya nailoni. Zamani piki zilizosifiwa zaidi zilikuwa za gamba la ng'amba, aina ya kasa, biashara ambayo CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliipiga marufuku miaka ya 1970. Pembe ya ng'ombe ni mbadala wa karibu, tena wa halali.

Kabla ya kulipa, iinue kwenye mwanga. Pembe ina mkondo kama ubao, na mistari yake inapaswa kuelekea nchani. Ikiwa imekatiza upana, irudishe: ncha itameguka kwenye mmoja wa mistari hiyo.

Kasoro kubwa ni ukingo. Umechongwa mshazari vizuri, lakini umalizio umeishia kwenye msasa namba 400, basi unakwaruza nyuzi nene zilizosokotwa na spika inatoa kila mkwaruzo. Dawa ni rahisi. Laza msasa namba 600 juu ya kioo, uloweshe kidogo, sugua ukingo ukiufuata mshazari uleule, kisha 1000, kisha 2000. Malizia kwa kitambaa cha jinzi chenye dawa ya meno kidogo. Pembe halisi ikisuguliwa kavu hunuka nywele zilizoungua. Isiponuka hivyo, umeuziwa plastiki.

Tundu lake, la milimita 4, linasaidia vidole vyenye jasho, na joto la Kisumu tunalijua. Ila limetobolewa karibu mno na ncha. Lingepanda milimita 3. Pembe ni keratini, kama kucha, na ikikaa majini matabaka yake huachana, yakianzia kwenye tundu hilo.

Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Ilinyooshwa kwa joto, na joto litairudisha kwenye mviringo wake. Ikishapinda, itie kwenye maji yanayochemka dakika chache tu, ibane kati ya vibao viwili, na usiifungue mpaka ipoe kabisa. Ukiifungua ikiwa vuguvugu, kazi yote ni bure. Baada ya hapo ifute na kuipaka tone la mafuta ya nazi.

Mshoto aagize yake mapema: mshazari wa zilizo tayari ni wa mkono wa kulia.