Premium Bonds au Akaunti ya Riba? Mwongozo kwa Mwenye Akiba Uingereza Anayetuma Fedha Nyumbani

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza yanafanana sana. Mtu ameweka pauni 1,000 au 2,000 katika Premium Bonds, yaani hatifungani za serikali ambazo hazilipi riba bali huingizwa katika droo ya zawadi kila mwezi, mwaka umekwisha, na hajaona hata senti moja. Baadhi yao wamefikia kushuku kwamba namba zao haziingizwi katika droo kabisa. Zinaingizwa; shida ni kwamba chombo hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya fedha za aina yao, na hakuna aliyewaeleza hivyo walipokuwa wakinunua.

Sitazungumzia usalama kwa urefu, kwa kuwa si hoja ya kuamulia: fedha zilizoko Premium Bonds zinadhaminiwa zote na Hazina ya Uingereza, na akiba ya kawaida katika benki za huko nayo ina kinga ya kisheria kwa kiasi ambacho wengi wetu hatutakifikia. Nitaanza na hesabu. Kuanzia droo ya Agosti 2025, mfuko wa zawadi uliwekwa kuwa asilimia 3.6 kwa mwaka ya fedha zote zilizowekwa, na kila hatifungani ya pauni moja ikawa na nafasi moja kati ya 22,000 ya kushinda katika kila droo. Kwa viwango hivyo, mwenye pauni 1,000 anayeshiriki droo zote kumi na mbili ana uwezekano wa takriban asilimia 58 wa kumaliza mwaka bila zawadi yoyote. Ile asilimia 3.6 ni wastani wa wote, wakiwemo wale wawili wanaopata pauni milioni moja kila mwezi, na zawadi ndogo kabisa ni pauni 25, kwa hiyo mwenye akiba ndogo ama hupata kitu kizima ama hupata sifuri. Mwenye pauni 50,000, ambacho ndicho kikomo cha juu, anatarajia zawadi kama 27 kwa mwaka, nyingi zikiwa ndogo, na huyo ndiye anayeweza kuukaribia wastani unaotangazwa.

Hata hivyo, kasoro inayonikera zaidi, ambayo miongozo mingi huipita kwa sentensi moja, ni mwezi wa kusubiri. Hatifungani uliyonunua haiingii katika droo mpaka imalize mwezi mzima wa kalenda baada ya ule wa ununuzi. Aliyenunua tarehe 2 Machi na aliyenunua tarehe 31 Machi wote wanaingia katika droo ya Mei. Wa kwanza ameikopesha serikali fedha zake kwa karibu miezi miwili bila malipo wala nafasi ya kushinda. Mtu anayeweka fedha na kuziacha kwa miaka kumi hataliona pengo hilo. Sisi tunaotuma fedha nyumbani ndio tunaoumia, kwa sababu akiba yetu haitulii: inaingia baada ya mshahara, inatoka kwa karo, inarudi kidogo, kisha inatoka tena kwa matibabu ya mzazi au kwa sikukuu.

Chukua mfano wa dada anayeweka pauni 2,000 tarehe 2 Machi na kuzitoa tarehe 30 Juni. Fedha zake zimekaa karibu miezi minne, lakini zimeshiriki droo mbili tu, ya Mei na ya Juni. Uwezekano wake wa kupata hata zawadi moja ni kama moja kati ya sita. Fedha hizo hizo, zikiwekwa katika akaunti ya riba ya asilimia 4, zingempa takriban pauni 26 bila kutegemea bahati, kwa kuwa riba huhesabiwa kila siku. Akirudisha fedha mwezi wa Agosti, anaanza kusubiri upya. Ikiwa ni lazima ununue Premium Bonds, basi nunua katika siku za mwisho za mwezi na utoe mara tu droo ya mwanzo wa mwezi inapopita. Kinyume cha hapo unapoteza kwa hiari yako.

Kwa sababu hiyo ninaipa nafasi ya kwanza akaunti ya serikali ya Help to Save, kwa yule anayestahiki. Inamhusu mfanyakazi anayepokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo: anaweka hadi pauni 50 kwa mwezi kwa miaka minne, na serikali inamwongezea nusu ya kiasi cha juu zaidi alichofikisha, hadi pauni 1,200 kwa jumla. Hakuna droo wala riba ya benki inayoikaribia. Linalosikitisha ni kwamba ndugu zetu wengi wanaowahudumia wazee wana viza zenye sharti la kutotumia fedha za umma, na kwa hiyo mlango huo umefungwa kwao ingawa kodi wanalipa.

Nafasi ya pili ni akaunti ya riba unayoweza kutoa fedha wakati wowote, na hapa sifichi upendeleo wangu kwa Nationwide, taasisi ya akiba na mikopo ya nyumba. Inamilikiwa na wanachama wake, kama SACCO zetu, haina wanahisa wa kugawiwa faida, na mwaka 2023 ilianza kuwalipa wanachama waliotimiza masharti pauni 100 kila mmoja kutokana na faida yake. Huenda benki nyingine ikatoa riba ya juu kidogo, lakini nimechoshwa na mtindo wa kuvutia wateja kwa kiwango kizuri chenye nyongeza ya mwaka mmoja, kisha nyongeza inaondolewa na fedha zinabaki zikipata riba hafifu kwa sababu mwenyewe hakuiona barua. Kabla ya kufungua akaunti popote, uliza kiwango kitakuwa kipi mwezi wa kumi na tatu.

Sifa ya kutotozwa kodi, ambayo watetezi wa Premium Bonds huitaja kwanza, ina thamani kwa wachache. Anayelipa kodi ya kiwango cha kawaida anaruhusiwa kupata riba ya pauni 1,000 kwa mwaka bila kodi, na kwa asilimia 4 anahitaji akiba ya pauni 25,000 ili afike hapo. Juu ya hiyo ipo akaunti ya ISA, ambayo riba yake haitozwi kodi na ina kikomo cha kuweka kila mwaka. Wanaofaidika kweli ni wenye mishahara mikubwa waliokwisha kujaza ISA zao, na ndiyo maana nimeziweka Premium Bonds katika nafasi ya tatu badala ya kuzifuta. Kwa anayeanza na pauni 25, ambacho ni kiwango cha chini, zawadi moja inatarajiwa kila baada ya miaka 73 kwa viwango vile vya Agosti 2025.

Waislamu wengi huniuliza kama hatifungani hizi ni njia ya kuikwepa riba. Mimi si mwanachuoni, lakini mfuko wa zawadi hukokotolewa kama asilimia ya fedha zote zilizowekwa, kisha mgao wake ukaamuliwa kwa bahati. Sioni riba ilipokwepwa, na swali la kamari limeongezeka juu yake. Zipo Al Rayan Bank, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina la Islamic Bank of Britain, na Gatehouse Bank, zenye akaunti za akiba zinazotaja kiwango cha faida kinachotarajiwa, na ningependa muanzie huko.

Kwa wale ambao tayari mnazo na mnajiandaa kurudi Mombasa au Unguja, badilisheni anwani na maelezo ya akaunti ya benki kabla ya kuondoka, na mwachieni mtu wa karibu namba ya mmiliki. Zawadi haina muda wa mwisho wa kudaiwa, na mmiliki akifariki hatifungani zake zinaweza kuendelea kushiriki droo kwa miezi 12, lakini warithi hawawezi kudai kitu wasichojua kwamba kipo.