Bunduki ya lebo za samaki: nyota mbili, na hizo ni za huruma

Bunduki hii huchoma lebo za plastiki zenye namba kwenye samaki hai, ili akivuliwa tena ajulikane. Lebo zenyewe hazina shida. Shida ni sindano ya bunduki hii. Ikishafanya kazi kidogo inalegea kwenye tundu lake, na kijiti cha kusukumia hakifiki tena mwisho. Kichwa cha lebo, chenye umbo la T, kinabaki nusu kwenye sindano, nusu kwenye nyama. Hapo lebo itatoka na sindano, au itaning'inia kwenye nyama na kudondoka samaki akisharudi majini, nawe namba yake umeshaiandika daftarini.

Nikawapigia waliouza. Jibu: "Basi huchomi vizuri."

Huchomi vizuri! Kuchoma ni hivi: upande wa kushoto, chini kidogo ya pezi la mgongo, toa gamba moja, ingiza sindano ikielekea kichwani kwa nyuzi 45 hivi hadi ipite katikati ya vijifupa vinavyoshikilia pezi. Bonyeza, zungusha robo, chomoa, kisha vuta lebo kidogo. T iliyojifunga nyuma ya vijifupa haitoki. Mkono gani utaifunga T ambayo haijatoka kwenye sindano?

Na hasara yake ni kubwa. Lebo zikidondoka, unaowavua tena wenye alama wanapungua, inaonekana kana kwamba wamepotelea kwenye samaki wengi, makadirio ya idadi yanapanda, na watu wanaruhusiwa kuvua samaki wasiokuwepo. Hata ukiweka lebo mbili kwa kila samaki ili kupima upotevu, bunduki mbovu inapoteza zote mbili kwa pamoja, na waliopoteza zote huwaoni.

Kwa hasira nilitaka kusema tupeni lebo, nunueni chipu za PIT, vidude vya elektroniki vinavyowekwa ndani ya samaki na namba yake kusomwa kwa kisomaji. Ile ya milimita 12 ikikaa tumboni haishiki mwani na ni nadra kutoka. Lakini mvuvi wa ndoano hana kisomaji, na bila macho yake hakuna taarifa inayorudi. Kwa hiyo lebo nitaendelea nazo, na baadhi ya samaki nitawawekea chipu pia, ili asiye na lebo ajulikane kuwa alikuwa nayo.

Ukilazimika kutumia bunduki hii, piga lebo moja kwenye sponji kabla ya kila kundi. T isipofunguka yote nje ya ncha, badilisha sindano. Ila sindano hawaiuzi peke yake, unanunua bunduki nzima! Basi nazipunguza zile mbili: nyota moja.