Kidonge cha madini joto kimenitibu, lakini mapokezi yale sijayasamehe

Nimetibiwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, lenye vinundu, kwa madini joto yenye mionzi katika hospitali moja jijini Dar es Salaam. Jambo la kwanza ninalotaka wazee wenzangu walijue ni kwamba siku ya matibabu nilirudishwa nyumbani bila kutibiwa, kwa sababu ya picha ya CT ambayo daktari wa hospitali hiyohiyo ndiye aliyeniandikia.

Nimevuka miaka sabini na nilikulia Njombe, zama ambazo chumvi yetu haikuwa ikitiwa madini joto, na wengi wa nyanda za juu kusini tumezeeka na rovu shingoni tukiliona la kawaida. Langu liliota vinundu vinavyomwaga homoni bila kusubiri amri ya ubongo. Kwa mzee ugonjwa huu hujificha: sikutoka jasho wala kutetemeka, nilikonda tu na kuchoka, kisha mapigo ya moyo yakapoteza mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi. Dawa ya kabimazoli ilishusha homoni, lakini haiui vinundu. Ukiiacha, vinaanza upya. Upasuaji, kwa moyo wangu ule, daktari hakuutaka.

Niliambiwa niache kabimazoli siku kadhaa kabla ya tiba, na niepuke dagaa, samaki wa baharini na chumvi yenye madini joto, ili vinundu viwe na njaa vitakapoletewa yale yenye mionzi. Nilitii yote, na kila siku niliyokaa bila dawa nilisikia moyo ukienda mbio hata nikiwa nimelala.

Kijana aliyekuwa mezani hakunipa hata shikamoo. Alifungua faili langu, akapekua mpaka akaikuta karatasi ya CT ya kifua niliyopigwa wiki chache nyuma. "Bibi, nani alikwambia ukapige picha ya dawa?" aliuliza kwa sauti iliyofika kwenye mabenchi yote. Nikamwonyesha sahihi ya daktari wao, chini ya karatasi ileile aliyoishika. Akasema, "Unatupotezea dozi tu," akamwita anayefuata.

Baadaye ndipo nilipoeleweshwa, tena na daktari mwingine kabisa, kwamba dawa inayochomwa mshipani wakati wa CT imejaa madini joto. Ikiingia mwilini, tezi hushiba na kuyakataa yale yenye mionzi, kwa hiyo mtu husubirishwa mwezi mmoja au hata miwili. Baya zaidi, kwa mwenye vinundu kama vyangu dawa hiyo yaweza kuvichochea vimwage homoni zaidi. Madini joto haya hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 8, kwa hiyo naelewa kwamba dozi iliyokosa mtu ni hasara kwao. Lakini hasara ile waliisababisha wenyewe, na hakuna aliyeniuliza kama nimepigwa CT ya dawa wakati wa kunipangia tarehe.

Nilirudi kwenye kabimazoli, nikiapa kwamba sitakanyaga tena pale na kwamba nitamkataza kila mzee ninayemfahamu.

Nikaenda tena, kwa kusihiwa na binti yangu, na hapo kiapo kinanishinda. Dada mmoja mpole alifungua chombo cha madini ya risasi, akanipa kidonge kimoja, nikakimeza kwa maji, basi. Sikuumwa. Kwa kuwa vinundu ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi yote, sehemu ya tezi isiyo na ugonjwa ilikuwa imelala, hivyo mionzi iliviendea zaidi vinundu vyenyewe. Nililala chumba cha peke yangu na kukaa mbali na wajukuu kwa muda nilioagizwa. Baada ya miezi michache homoni zilikuwa sawa, uzito ukarudi na mapigo yakatulia. Ninaendelea kupima damu, kwa maana tezi yaweza kuzembea baadaye.

Kwa hiyo tiba naipendekeza kwa moyo wote. Hospitali nayo nilikuwa tayari kuisifu kwa ajili ya yule dada, mpaka kliniki ya mwisho nilipoomba kuiona fomu wanayojaziwa wagonjwa wapya: wanaulizwa ujauzito, mzio na dawa wanazomeza, lakini CT haimo. Nilimwomba msimamizi aongeze mstari huo mmoja, akaniambia nitajulishwa. Sijajulishwa. Ukipangiwa tarehe pale, litaje mwenyewe jambo la CT, na mwambie aliyekupangia aliandike mbele yako.