Modemu ipi ununue ili ufuatilie chombo chako kwa Arduino au ESP32

Ukiingia duka la vifaa vya elektroniki, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, ukaomba moduli ya laini ya simu kwa ajili ya Arduino (bodi ndogo unayoiandikia programu), kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni bodi nyekundu, ndogo kuliko kiberiti, yenye antena ya waya uliosokotwa kama springi. Hiyo ni SIM800L. Bei yake ni nafuu, inapatikana kirahisi, na ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Lakini leo siiweki namba moja, na naomba usome sababu kabla hujatoa hela.

Nimefunga vifaa hivi kwenye vyombo vitatu vya familia: bajaji ya dada, Noah ya kaka na pikipiki ya mpwa wangu. Kote nilitaka mambo yaleyale: chombo kiko wapi, kinakwenda kasi gani, betri ina volti ngapi, na taarifa inifikie kwenye simu nikiwa nyumbani. Arduino Uno peke yake haina njia ya kuzungumza na mtu aliye mbali. ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo, ina Wi-Fi na Bluetooth, ila hizo zinaishia getini. Unachonunua hasa, basi, ni modemu, yaani kipande kinachobeba laini ya simu, na modemu ndiyo inayoharibu au kuokoa kazi yote.

1. Bodi ya ESP32 yenye A7670E na GPS

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. A7670E ni modemu ya kampuni ya SIMCom ya 4G ile ya daraja la Cat 1: kasi yake inatosha na kubaki kwa kazi ya kutuma namba chache, na mnara wa 4G ukikosekana inashuka kwenye 2G ya MHz 900 na 1800, ambayo ndiyo 2G ya kwetu. Kushuka huko ndiko ninakolipia. Barabara zetu zina vipande ambavyo 4G hukatika na 2G ikabaki, na vipo vipande ambavyo 4G ina nafasi wakati 2G imejaa watu. Kifaa chenye njia zote mbili hakikuachi gizani.

Nunua ile iliyokwisha kuunganishwa na ESP32 kwenye bodi moja, kama zile za LILYGO, yenye kishikio cha betri ya 18650, ile ya lithiamu ya mviringo. Ukinunua vipande mbalimbali uviunge mwenyewe utaokoa hela kidogo, lakini utapoteza wikendi kadhaa, na kila waya wa ziada ni waya utakaolegea kwenye matuta.

Kuna mtego kwenye jina. Herufi baada ya namba zina maana. E ina masafa ya LTE, yaani 4G, ya B1, B3, B5, B7, B8 na B20. SA imetengenezwa kwa Amerika ya Kusini. Tena E zenyewe si zote zina GPS ndani, kwa hiyo soma maandishi yote yaliyochapwa juu ya bati la modemu, halafu muulize muuzaji waziwazi: hii ina GPS? Ina 2G? Akijibu "zote ni sawa", rudisha bodi mezani. Na ikiwa mtandao wako huko kijijini unarusha 4G kwenye B28, yaani MHz 700, E haitauona mnara huo na itarudi 2G. Kwa kutuma mahali gari lilipo, hilo halina madhara.

2. SIM7600E au SIM7600G

Ni modemu nzuri, imezoeleka, ina GPS, na mifano ya programu zake ni mingi. Nimeiweka ya pili kwa sababu unalipia kasi usiyoihitaji, na inakula umeme zaidi. Kama unataka kutuma picha kutoka ndani ya gari, ipande juu iwe ya kwanza.

Hapa nina jambo la kukuonya kwa uchungu. Mjomba wangu aliyeko Marekani alinitumia SIM7600, zawadi ya upendo kabisa. Nikaweka laini, nikaunga antena, nikakesha nayo siku tatu. Taa inawaka, amri zinajibiwa, mtandao hausajiliwi. Siku ya nne ndipo niliposoma kwa makini: SIM7600A-H. Hiyo A ni ya Amerika Kaskazini: LTE yake ni B2, B4 na B12, 3G yake ni ya huko, na 2G haina kabisa. Bodi ilikuwa nzima, ila ilikuwa inasikiliza masafa ambayo mnara wa mtaani kwetu haurushi. Kama una ndugu ng'ambo anayetaka kukununulia, mwandikie jina lote hadi herufi ya mwisho.

3. SIM800L pamoja na GPS ya NEO-6M

Huyu ndiye mwalimu wa wengi, na bado anastahili nafasi kama hela ni kidogo au unajifunza. Lakini ujue unachonunua: ni 2G tupu. Telstra ya Australia ilizima 2G Desemba 2016, AT&T ya Marekani Januari 2017, Singapore mwaka huohuo wa 2017. Msomaji uliye huko, usiiguse. Hapa Afrika Mashariki bado inafanya kazi, ila kifaa unachokifunga ndani ya dashibodi leo unatamani kikae miaka mitano bila kufunguliwa, na mimi nisingeuweka moyo wangu kwenye 2G kwa muda huo.

Tatizo la pili ni umeme, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kusema moduli ni mbovu. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, bora zaidi 4.0. Pini ya 5V ya Arduino ni nyingi mno, ile ya 3.3V ni pungufu. Na si volti pekee. Inaporusha mawimbi inavuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha inatulia, kisha inavuta tena, zaidi ya mara mia mbili kwa sekunde. Ule mlio wa "ti-ti-ti" unaousikia kwenye spika za redio simu inapotaka kuita, ndio mivuto hiyo. Waya mwembamba wa majaribio haupitishi mvuto huo. Volti inaporomoka, moduli inajizima na kujiwasha.

Utaijua kwa taa yake ndogo. Inapepesa kila sekunde moja, mara sita, saba hivi, kisha kimya, kisha inaanza upya. Hiyo haitafuti mtandao, inakufa njaa. Ikishapata mtandao hupepesa mara moja kila sekunde tatu, taratibu, na ukiona hivyo moyo unatulia. Wakati mwingine itakuandikia yenyewe kwenye skrini UNDER-VOLTAGE WARNNING, na N mbili hivyohivyo, kosa la tahajia lililoachwa kiwandani.

Dawa yake: kipunguza volti cha LM2596 kilichorekebishwa kwa mita hadi volti 4.0 kabla hujaunga moduli, waya mnene na mfupi, na kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye pini za moduli yenyewe, siyo upande wa pili wa bodi. Au iunge na betri moja ya 18650, ambayo volti zake zinaangukia humohumo. Kama unatumia Uno, waya unaotoka Uno kwenda RX (pini ya kupokea) ya moduli upitishe kwenye rezista mbili, ya kilo-omu 10 njiani na ya 20 kutoka RX kwenda GND, ili volti 5 zishuke. ESP32 haina shida hiyo, na ina UART (milango ya kuzungumza na vifaa kama modemu) tatu za kweli, wakati Uno ina moja tu.

SIM808 na A9G ziko kundi hili. Zina GPS ndani, jambo zuri, lakini nazo ni 2G.

4. LoRa

Watu huniuliza kama LoRa, redio ya kutuma data kidogo mbali bila laini ya simu, inaweza kuondoa gharama ya bando. Inaweza, kwa chombo kisichotoka eneo lake: trekta za shamba, malori ya machimbo, mashua zinazovua karibu na pwani. Inafika kilomita kadhaa pakiwa wazi, na bodi ya T-Beam ina ESP32, LoRa na GPS pamoja. Kwa bajaji inayozunguka Mbagala hadi Posta haifai, majengo yataimeza. Kabla ya kununua, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Communications Authority ya Kenya masafa yanayoruhusiwa, kwa sababu bodi huuzwa za MHz 433, 868 na 915, na ukishanunua hubadilishi.

5. SIM7000G na SIM7080G

Zimetengenezwa kwa NB-IoT na Cat-M, mitandao ya vifaa vidogo. SIM7000G walau inashuka 2G. SIM7080G haishuki popote. Usinunue hii ya mwisho mpaka kampuni ya simu ikuthibitishie kwamba eneo lako lina huduma hiyo na laini yako inaruhusiwa kuitumia.

Bluetooth ya HC-05 na kisomaji cha ELM327 sijavipa namba. Ni vizuri kwa kusoma injini ukiwa umekaa ndani ya gari, na unaweza kuviunga na ESP32 ili taarifa za injini zipitie modemu. Ila vyenyewe havikuambii gari liko wapi.

Hela ya pembeni ambayo usiibane

Umeme wa gari ni mchafu. Betri inasemwa ni volti 12, injini ikiwaka inafika 14.4, na kuna miruko mikali kuliko hapo. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, diodi ya TVS (inayomeza miruko hiyo) baada yake, kisha kipunguza volti. Nimewahi kufungua kifaa cha jamaa kilichofungwa bila fyuzi: plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka ikashikana na zulia chini ya kiti.

Pima pia kinachokula kifaa chombo kikiwa kimelala. Changu cha kwanza kilivuta wastani wa miliampea 80. Kwenye Noah sikuona tofauti. Kwenye pikipiki yenye betri ya Ah 5, hesabu ilikuwa kali: nusu ya betri iliisha kwa saa 31. Mpwa wangu aliiacha Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Tangu hapo kifaa kinalala injini ikizimwa, na kinaamka mara moja kila nusu saa kutuma salamu.

Bando si mzigo. Ukituma kila sekunde 30 kwa MQTT, njia nyepesi ya kutuma jumbe fupi, ujumbe mmoja pamoja na vifungashio vyake tuseme baiti 200, unapata jumbe 2,880 kwa siku, kama kilobaiti 576, yaani takriban megabaiti 17 kwa mwezi. HTTP, njia ya kurasa za wavuti, itakula mara kadhaa ya hapo. Pa kupokelea, mimi natumia Traccar, programu ya bure unayoiweka kwenye seva yako. Inakubali kiungo cha kawaida chenye namba ya kifaa, latitudo na longitudo kupitia bandari 5055, na ramani inajichora yenyewe. Laini isajiliwe kwa jina lako mwenyewe, na uiondolee PIN kabla ya kuipachika.

Mambo mawili ambayo sitayalainisha. Usifunge rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuzima injini kwa mbali chombo kikiwa kinatembea. Mtu anaweza kufa katikati ya barabara kwa ujumbe wako. Rilei ifanye kazi kasi ikiwa sifuri tu, na hilo uliandike ndani ya programu, usilitegemee kumbukumbu yako. Na dereva aambiwe. Chombo ni chako, lakini safari zake za baada ya kazi ni maisha yake. Kama ni basi la abiria la mikoani, ujue LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, ina mfumo wake wa kufuatilia mabasi, na kifaa chako hakichukui nafasi ya ule.

Kabla hujatoka dukani

Nenda na laini yako, laptopu na kebo. Omba waunge umeme, fungua kwenye laptopu dirisha la kuandikia modemu amri, uandike AT. Ikijibu OK, iko hai. AT+CPIN? ijibu READY. AT+CSQ, nguvu ya mawimbi, itoe namba kuanzia 10 kwenda juu. 99 maana yake haisikii kitu, angalia antena kwanza. AT+CREG?, au AT+CEREG? kwa 4G, imalizie na 0,1, yaani imesajiliwa kwenye mtandao. Mwisho andika AT+CGMM, itakutajia aina yake kwa mdomo wake mwenyewe, ulinganishe na kilichoandikwa kwenye bati na kwenye risiti.