Reli za Peco za milimita 12: je, zinafaa kwa mfano wa tawi la reli ya geji ya mita?

Anayetaka kujenga mfano mdogo wa reli ya Afrika Mashariki hukabiliwa na suala la geji, yaani upana kati ya reli mbili, kabla hajanunua hata msumari. Ukiiacha TAZARA na reli mpya za kisasa, njia zetu kongwe zina upana wa mita moja, ilhali sehemu kubwa ya vifaa vya mifano vinavyouzwa ni vya milimita 16.5, upana unaowakilisha reli pana za Ulaya. Tawi langu ni la kubuni: linachepuka kutoka reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, kisha linaishia kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, ya shamba la mkonge katika stesheni niliyoiita Kwemkonge. Kwa kazi hiyo nilichagua vipande vya njia vinavyopindika na pointi (makutano ya kubadilishia njia) za milimita 12 za Peco, kampuni ya Uingereza iliyoko Beer, Devon.

Kwa upande wa geji sina la kulalamikia. Katika kipimo ninachotumia cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, mita moja inakuwa milimita 11.5, kwa hiyo reli hizi zimezidi upana halisi kwa nusu milimita tu, tofauti ambayo jicho haliioni. Waingereza wengi wenyewe hutumia kipimo cha 1:76 juu ya reli za milimita 16.5 badala ya 18.83, yaani nyembamba kwa zaidi ya asilimia 12, na wameridhika nazo miaka yote. Kipande kimoja kina urefu wa milimita 914, sawa na karibu mita 80 za njia halisi.

Kasoro iko kwenye kimo. Reli hizi zina kimo cha milimita 1.9, na ukizidisha kwa 87 unapata milimita 165, ambayo ni reli nzito ya njia kuu. Reli nyepesi yenye uzito wa ratili 50 kwa yadi, iliyotosha kabisa kwa njia zetu za zamani, ilikuwa na kimo cha takriban milimita 100. Isitoshe, mataruma yake, ile mihimili inayolala chini ya reli, yameigwa kutoka ya mbao, wakati sehemu kubwa ya njia zetu zililazwa juu ya mataruma ya chuma, ambayo mchwa hawayawezi. Zikiachwa zilivyo, zinaifanya Kwemkonge ionekane kama stesheni ya Uswisi iliyopotea njia. Dawa niliyoiona inafaa ni kupaka ubavu wa reli rangi ya kutu, kisha kumwaga udongo mwekundu uliochekechwa kwa chujio la chai hadi ufunike mataruma yote, na kuugandisha kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Tawi la shambani halikuwa na kokoto nyingi hata hivyo, na majani katikati ya reli hayamshangazi mtu.

Pointi ndizo zinazostahili sifa kubwa zaidi. Ndani yake mna springi ndogo inayozibana ndimi, yaani reli fupi zinazohama, upande uliochaguliwa. Ukizisukuma kwa ncha ya kidole zinahama kwa mlio mkavu na kubaki palepale, bila mota wala waya wa kuvutia. Nashauri kuchukua zile ambazo mahali reli mbili zinapokatana ni metali tupu inayopitisha umeme, kwa sababu kichwa kidogo cha treni kinachosukuma polepole mabehewa ya singa (nyuzi za mkonge) hukwama kikikanyaga plastiki. Sharti lake ni kwamba reli mbili za ndani zinazotoka kwenye makutano hayo ziungwe kwa viungio vya plastiki, la sivyo pande mbili za umeme zitakutana na kusababisha shoti.

Kwa wakazi wa pwani, joto halipuuzwi. Kipande kimoja kikipata ongezeko la nyuzi 15 hurefuka kwa karibu robo ya milimita, kwa hiyo vipande vinne vilivyobanana bila nafasi hutafuta milimita nzima ya kupumulia, na visipoipata hujikunja. Kadi ya vocha ya simu ikichomekwa kwenye kila kiungo wakati wa kulaza reli huacha nafasi inayotosha. Ubao wa chini nao uwe plaiwudi ya marine ya milimita 12, kwa kuwa ile ya kawaida huvimba kwa unyevunyevu.

Wengi watatamani Garratt za daraja la 59, vile vichwa vikubwa 34 vya mvuke vyenye majina ya milima. Hata hivyo, Garratt moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 32, yaani sentimita 36 na ushei katika kipimo hiki, na haikuwa na kazi kwenye tawi la mkonge. Kichwa kifupi na mabehewa matatu vinatosha, na pointi nne pia. Viungio vya chuma na vya plastiki huuzwa kando, kwa hiyo viagizwe katika sanduku lilelile la reli, kwani gharama ya kusafirisha sanduku lenye urefu wa karibu mita moja inauma kuliko bei ya vilivyomo.