Mwaka wangu katika klabu ya wanafunzi wa hoteli na utalii hapa Lubumbashi

Nilijiunga na klabu hii Oktoba mwaka jana, juma la pili la masomo yangu ya masta. Nililipa dola 10 za muhula wa kwanza, nikalipa 10 nyingine muhula wa pili, na pesa za teksi niliacha kuzihesabu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoingia masta sasa na wanaulizana kama mchango huo unastahili kutoka mfukoni. Kwangu ulistahili. Sababu kubwa ni usiku mmoja tu, na nitausimulia kwa urefu, kwa kuwa mambo mengine yote ya klabu nayapima kwa usiku ule.

Klabu inaendeshwa na wanafunzi wenyewe, mwalimu mmoja akiwa msimamizi. Nia yake ni kutukutanisha na watu walio kazini: mameneja wa hoteli, wapishi wakuu, mawakala wa safari. Tunakutana Jumatano mbili kwa mwezi, saa kumi na moja jioni. Mgeni anakuja, anaeleza kazi yake, tunamuuliza maswali. Mikutano mingi ni ya kawaida. Mgeni anasimulia jinsi alivyoanza kwa kubeba mizigo ya wateja, tunapiga makofi, tunapiga picha ya pamoja, kila mtu anashika njia yake. Tulisherehekea pia Siku ya Utalii Duniani, tarehe 27 Septemba, kwa hotuba ndefu na soda.

Jumatano moja ilikuwa tofauti. Alikuja mama mmoja anayesimamia wafanyakazi katika hoteli kubwa ya mjini. Alikuwa ameomba tumpelekee wasifu wetu mapema, na akaurudisha umejaa wino mwekundu. Alipofika kwangu alisoma kwa sauti: "Ninapenda kupokea watu." Akaniangalia. "Mwanangu, kila anayeniandikia anapenda kupokea watu. Wewe umempokea nani, wapi, na alikuwa anataka nini?"

Nikamwambia kwamba miaka mitatu nilikuwa nikiuza tiketi za basi za Kasumbalesa kwenye kibanda cha shangazi yangu, na kwamba Wazambia wengi wanaovuka mpaka nilikuwa nawahudumia kwa Kibemba na Kiingereza. Nilikuwa sijaiandika kazi hiyo kwa sababu niliona ni ya barabarani, haifai karatasi ya masta. Mama yule aliniambia niiweke mstari wa kwanza. Hapa wateja wa hoteli wengi wanakuja kwa sababu ya shaba na kobalti, wanatoka Zambia, Afrika Kusini, China, India, na mtu wa mapokezi anayejua Kifaransa peke yake anakwama kabla ya saa tatu asubuhi. Niliuandika upya wasifu wangu usiku uleule.

Sasa niseme habari ya usiku wenyewe. Klabu ina utaratibu inaouita zamu ya kuangalia. Hoteli inakubali wanafunzi wawili kwa zamu moja, wanakaa pembeni ya mfanyakazi mmoja, hawagusi kitu mpaka waambiwe. Wengi wanaomba jiko, au mapokezi ya mchana. Mimi nilichelewa kujiandikisha, nikakuta imebaki zamu isiyogombaniwa na mtu: kukaa na mhasibu wa usiku, kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi. Ilikuwa Juni, juma la ule mkutano mkubwa wa madini unaofanyika hapa mjini kila mwaka, na hoteli za katikati ya mji zilikuwa zimejaa mpaka pomoni. Mnaijua baridi ya Juni ya Lubumbashi. Nilikwenda na koti la kaka yangu.

Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba mhasibu wa usiku anafunga siku, yaani anakagua na kukamilisha hesabu za siku inayoisha. Nilikuwa naliandika neno hilo kwenye mitihani bila kulielewa. Mhasibu tuliyewekwa naye, mzee tuliyemwita Papa kwa heshima, alianza kwa kutandaza karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa orodha ya mapokezi, yaani chumba gani kina mtu na jina lake nani. Ya pili ilikuwa ripoti ya wahudumu wa vyumba, wale waliofungua kila mlango mchana wakaandika walichokiona: kitanda kimelaliwa, begi lipo, taulo zimetumika. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza wa orodha hii na kidole kwenye mstari wa kwanza wa ile, akashuka navyo pamoja, polepole, chumba baada ya chumba. Hakuzungumza nasi kabisa mpaka alipofika 214.

"Huku wanasema kuna mtu," akasema, "na huku wanasema hakuna hata soksi. Mnafikiri nani amekosea?"

Mwenzangu akajibu kwamba huenda mgeni amekimbia bila kulipa. Papa akasema inawezekana. Inawezekana pia kwamba amelipa akaondoka, na mapokezi hawakumtoa kwenye mashine. Na ingekuwa kinyume chake, mapokezi wanasema chumba kitupu na mhudumu ameona kitanda kimelaliwa, hapo angeanza kujiuliza ni nani ndani ya nyumba anauza vyumba kwa mlango wa nyuma. Kisha akachukua ufunguo akapanda mwenyewe. Tulimfuata. Aligonga mara tatu, akajitambulisha, akasubiri, akafungua. Kitanda kimenyooshwa, kabati tupu, ufunguo wa mgeni umeachwa juu ya meza. Kampuni yake ilikuwa imelipa kila kitu, na yeye akaondoka mchana bila kupita mapokezi.

Na kwenye sofa la chini alikuwa amekaa mhandisi mmoja aliyefika jioni kwa ndege, uwanja wa Luano, ameambiwa nafasi hakuna, anasubiri kuche. Saa saba usiku Papa alimkabidhi 214. Yule bwana alishika ufunguo kwa mikono miwili.

Sijawahi kuona darasani jambo lililonieleza kazi hii namna hiyo. Chumba kisichouzwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho mara mbili. Mashuka yapo, umeme unawaka, mshahara wa mhudumu unakwenda, na pesa haikuingia. Karatasi mbili na rula vilitosha kuokoa usiku mmoja wa chumba kimoja katika juma ambalo vyumba havipatikani mjini.

Baadaye, kabla ya kuifunga siku kwenye mashine, alichapisha orodha nzima ya wageni waliolala ndani, akaibana kwenye jalada. Nikamuuliza kwa nini anapoteza karatasi wakati kila kitu kimo kwenye kompyuta. Hakujibu. Saa nane na kitu umeme ukakatika. Jenereta lilichukua muda kidogo kuamka, na mashine za mapokezi zikachukua muda zaidi. Simu ya ndani ikalia, mgeni wa ghorofa ya juu anaulizia jambo, na Papa akamjibu kwa jina lake akisoma kwenye jalada kwa tochi ya simu. Orodha ileile, alituambia, ndiyo wanayoishika mkononi moto ukitokea, ili wajue ni nani wa kumtafuta na yuko chumba gani.

Karibu na alfajiri, kazi ikiwa imepoa, alitufungulia kurasa za mwezi wa tano. Jumatatu mpaka Alhamisi vyumba vimejaa au vimekaribia. Jumamosi na Jumapili, mapengo. Hoteli zetu zinalisha watu wa kazi, na watu wa kazi wanarudi kwao Ijumaa. Akatupa hesabu ya kufanya, nami nairudia hapa kwa tarakimu za mfano. Tuseme hoteli ina vyumba 80 na bei ni dola 100. Siku ya katikati ya juma inauza 68, yaani asilimia 85, na ukigawa mapato kwa vyumba vyote unapata dola 85 kwa kila chumba. Jumapili inauza 28, unapata dola 35. Je, ushushe bei ya Jumapili mpaka 70 ili upate wateja 48? Mwenzangu akahesabu haraka: dola 42 kwa kila chumba, basi ndiyo. Papa akamwambia ahesabu tena. Mapato yamepanda kutoka 2,800 mpaka 3,360, nyongeza ya 560. Lakini umeongeza vyumba 20 vya kufagia, mashuka 20 ya kufua, vifungua kinywa 20. Kila chumba kikikugharimu 15, unabakiwa na 260. Kikikugharimu 28, umefanya kazi bure. Mwalimu wetu ametufundisha fomula hiyo vizuri kabisa. Ila sikuwahi kuisikia kutoka kwa mtu anayeijua bei ya sabuni.

Tasnifu yangu sasa ni juu ya Jumamosi na Jumapili hizo.

Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Klabu ina neno "utalii" kwenye jina lake, lakini kwa mwaka mzima tumekula hoteli, tumelala hoteli. Wenzetu waliochagua utalii walikaa nasi Jumatano zote wakisikiliza habari za vyumba. Na mji huu una cha kuonyesha. Tangu 1910 umejengwa juu ya shaba: kuna makumbusho, kuna kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, kuna lile bomba refu la moshi na mlima wa takataka za shaba ambao kila mtoto wa hapa anaweza kuuchora akiwa amefumba macho. Ziwa Kipopo haliko mbali. Mgeni mwenye Jumamosi tupu hapati mtu wa kumzungusha nusu siku, na hoteli yenye Jumamosi tupu haina sababu ya kumpa ili abaki. Pengo hilo lilikuwa mbele ya klabu. Nimemwambia mwenyekiti wetu mara mbili kwamba zamu za kuangalia zifanyike pia kwa waongoza wageni, hata kama ni mmoja, hata kama ni kutembea naye asubuhi moja tu.

Safari moja ya porini ilipangwa, kwenda Hifadhi ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Waliiweka mwezi wa pili, katikati ya mvua! Gari lilikwama mbali kabla ya kufika, tukageuza, tukarudi na matope mpaka magotini. Hata dereva alikuwa amewaonya.

Jambo la staji, yaani mazoezi ya kazi, nalo lisemwe. Agosti klabu ilinipeleka hoteli moja kwa makubaliano ya maandishi: juma nne, mapokezi. Juma tatu za kwanza nilikunja mashuka. Siidharau kazi hiyo, na mgongo wangu unawaheshimu wanaoifanya kila siku, lakini sicho tulichotia saini. Nilipolalamika mwenyekiti alikwenda mwenyewe, nikapata juma la mwisho mapokezi. Angekwenda mtu kututazama juma la kwanza, nisingepoteza tatu. Klabu haina utaratibu huo, na inauhitaji haraka.

Kwa wasichana: mikutano inaisha usiku umeingia, na sisi wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa mjini, tulikuwa tunahangaika na usafiri. Tulilisema, likasikilizwa. Tangu Mei sehemu ya mchango inalipa teksi ya pamoja, na dereva ni yuleyule kila mara. Tunalishukuru sana hilo.

Ukijiunga, jiandikishe mapema kwa zamu, na usiogope zile za usiku. Beba daftari dogo linaloingia mfukoni, kwa kuwa simu mezani hazikubaliki. Usajili unafunguliwa tena juma la kwanza la masomo, dola ni zilezile 10.

Safari ya Lofoi imewekwa upya, mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeisha na maji bado mengi. Nimeshalipa.